Mgongo wa Yamna

Hakuna mgongo wa mwanamke mtaani pale ambao Yamna hakuujua. Aliujua mgongo wa mke wa mwalimu, wenye vipele visivyokoma kiangazi wala kipupwe. Aliujua wa bibi Rkia, uliopinda kwa kubeba kuni tangu usichana. Alijua nani ana alama za mkanda wa mumewe na nani kweli alianguka ngazini. Aibu ya maiti aijuaye mwosha, na aibu ya walio hai, katika mtaa ule wa Sefrou, nchini Moroko, aliijua msuguaji wa hamamu, bafu la mvuke la watu wote. Bahati yao Yamna alikuwa na sifa ambayo wasuguaji wengi hawana: alijua kufunga mdomo. Nongo ilitoka, maji yakaichukua, na habari yake ikaishia hapo hapo kwenye mfereji.

Lakini mgongo wa Yamna mwenyewe hakuna aliyepata kuuona.

Kwa miaka kumi na moja alikuwa akifanya kazi na gauni zito la pamba, lenye mikono, refu hadi chini ya magoti, ndani ya chumba cha moto ambamo hata kuta hutoka jasho. Wasuguaji wenzake wawili walibaki na chupi tu, kama ilivyo desturi, kwani nani anavaa nguo hamamuni? Fettouma, aliyekaa mlangoni kulinda viatu na nguo za watu, alikuwa hachoki kumchokoza.

"We Yamna, gauni hilo utazikwa nalo?"

"Nikizikwa nalo wewe utapungukiwa nini?"

"Maneno ya kusema. Mwenzangu, mficha uchi hazai."

"Kuzaa kumenipita siku nyingi. Kaa na viatu vyako."

Wanawake hucheka, Yamna naye hucheka, kisha huingia ndani kwenye mvuke na kile kicheko kimemkaa kooni kama punje ya shayiri. Watu walikwisha kuamua kwamba ni mwanamke mwenye haya nyingi, na kwamba haya hizo alizipata Rabat, alikokwenda miezi minane kumuuguza binamu yake. Ndivyo alivyowaambia. Binamu hakuwapo. Mgonjwa alikuwa yeye, na madaktari walimkata titi la kushoto lote, wakamrudisha nyumbani na mshono mrefu kutoka kifuani hadi kwapani. Mumewe, Bouazza, alimtazama mara moja, mara moja tu, akahamia kulala sebuleni. Majira ya machipuko akaenda Nador kutafuta kazi, na kutoka Nador ikaja karatasi ya talaka. Huyo ndiye mwanamume aliyewahi kulia usiku kucha kwa sababu ya jino, na Yamna akamshikia kichwa mpaka asubuhi.

Basi Yamna aliishi peke yake. Alioga jikoni kwake kila Alhamisi, kwa ndoo moja, ameupa mgongo mlango ingawa hapakuwa na mtu wa kuufungua. Mgongoni alijipitisha kitambaa, amekishika ncha mbili, akivuta huku na huku. Kinyozi hajinyoi. Pale katikati ya mgongo, chini kidogo ya mabega, kitambaa hakikufika vizuri, na mkono wa mtu haukuwa umefika tangu Bouazza. Wengine wote aliwagusa yeye. Siku nyingine aligusa watu ishirini, akarudi nyumbani akijiona kama sarafu iliyopita mikononi mwa mji mzima na isiyokuwa ya mtu.

Jumanne moja mwezi wa Februari, siku ambayo hamamu huwa tulivu, bibi mmoja, Lalla Zhor, alikuja kukodi hamamu nzima kwa ajili ya binti yake mdogo, Ibtissam, aliyekuwa akiolewa. Alikaa na Fettouma mlangoni, wakanywa chai. Yamna alikuwa akifagia maji umbali wa hatua tatu.

"Alhamisi ya tatu kutoka leo," alisema Lalla Zhor. "Alasiri yote. Mashangazi zake wanakuja kutoka Fes."

"Wapate kuona hamamu za watu," alisema Fettouma. "Basi Yamna atamsugua bibi arusi. Mkono mwepesi kama huo hata Fes hawana."

Lalla Zhor aliweka glasi chini. "Mkono wa Yamna usimguse mwanangu."

Ufagio ulisimama. Fettouma alitoa macho, akatazama huku, akatazama kule.

"Kakukosea nini, Lalla?"

"Mwenyewe anajua."

Fettouma, ambaye maisha yake yote hajawahi kuacha ukimya ukae, alirukia jambo jingine. "Na Touria, binti yako mkubwa, hajambo? Tangu atolewe vile vijiwe vya nyongo hatumwoni."

"Hajambo. Kazi za vifungo zimemzidi."

"Lakini zile ndoo saba za baraka za bibi arusi atazimwaga yeye. Dada wa tumbo moja ni yeye tu."

"Inshallah," alisema Lalla Zhor, kwa sauti ya mtu anayefunga mlango.

Yamna alijua kwa nini. Hapakuwa na vijiwe vya nyongo. Mwaka mmoja na nusu nyuma, Touria alikuwa amelala kifudifudi mbele yake, kisha akageuka, wakicheka jambo fulani, na glovu ya kusugulia ikapita chini ya kwapa la kushoto ikakwama. Si kukwama kwa kuonekana. Ilikuwa kitu kidogo, kigumu, kama punje ya dengu iliyoshonewa ndani ya nguo. Yamna alivua glovu, akapitisha kidole kitupu. Akainama mpaka sikioni mwa Touria na kumwambia: "Nenda hospitali. Kesho. Si wiki ijayo, mwanangu. Kesho."

Touria alikwenda, akapona, akapoteza titi. Na Lalla Zhor, kwa uchungu wa mama ambao hautaki kukosa mtu wa kulaumu, akapiga hesabu yake: titi la mwanangu lilikuwa zima mpaka mkono ule ulipopita.

Yamna hakumlaumu sana. Alikuwa na la kujilaumu mwenyewe, na hilo hakuna aliyelijua. Miaka sita nyuma kulikuwa na Safia, jirani yake wa ukuta kwa ukuta, mwanamke aliyekuwa akimletea bakuli la supu kila magharibi ya Ramadhani. Mkono wa Yamna ulikikuta kile kitu kwa Safia pia, na mkono ukasimama, na Safia akauliza, "Vipi?" Yamna akajibu, "Hakuna." Maana angesema, Safia angeuliza amejuaje. Na mji huo ulikuwa na imani yake: ugonjwa ule, ambao hata jina lake halitajwi, hupita kwa maji na kwa mikono. Nani angempa mgongo wake msuguaji mwenye ugonjwa ule? Angekula nini? Alinyamaza. Mficha maradhi kifo humuumbua, wanasema, lakini yeye alificha na kifo kikamchukua jirani. Safia alizikwa baada ya miezi kumi na minne. Ramadhani iliyofuata, kila adhana ya magharibi ilipolia, Yamna alijikuta anatazama mlango.

Ijumaa, wakati alipojua Lalla Zhor amekwenda kwa wakwe, Yamna alipanda ngazi za nyumba yao hadi chumba cha juu ya paa alikojifungia Touria. Alimkuta amekaa dirishani, msumari umepigiliwa kwenye ukingo wa meza, nyuzi za hariri zimefungwa hapo, anatengeneza vifungo vya majoho. Kifungo hakina uzito lakini huchukua macho ya mtu. Mkono wa kulia ulicheza na sindano. Wa kushoto ulikuwa umelala mapajani, umevimba tangu upasuaji, kutoka kiwiko hadi vidoleni, ngozi inang'aa.

"Umekuja kugusa nini tena?" aliuliza Touria bila kuinua macho.

"Nimekuja kukujulia hali, mwanangu."

"Umeiona. Ngazi ni ile uliyojia."

Yamna alikaa bila kukaribishwa. Alikuwa na miaka hamsini na minane na ngazi zile zilikuwa ndefu. "Watu wanasema huendi hamamuni kwa mdogo wako."

"Watu wanasema nitamwonea wivu. Yeye anaolewa na mimi mkubwa nimekaa. Wacha waseme. Afadhali wivu." Aliukata uzi kwa meno. "Wivu angalau wanao wote. Kule nitavua nguo mbele ya mashangazi arobaini, na ndoo siwezi kuinua. Mkono haupiti hapa." Alionyesha kiuno.

"Ibtissam anasemaje?"

"Ibtissam anasema kama sitakwenda, naye haendi. Analia kila siku, mjinga yule. Utafikiri ni yeye aliyekatwa." Sauti ilimpasuka kidogo, akainyoosha. "Lalla Yamna, swali moja tu. Ukinijibu nitakupikia chai. Ulijuaje?"

Yamna alichukua kifungo kimoja mezani, akakigeuza geuza.

"Daktari mwenyewe alihitaji mashine, na sindano, na wiki mbili. Wewe mara moja, ndani ya povu la sabuni. Halafu ukaniambia kesho. Ulijuaje kuwa ni kesho? Nimekaa humu mwaka mzima, sina jingine ninalowaza. Nijibu."

Jibu lilikuwa chini ya nguo, lenye urefu wa shibiri moja na nusu. Yamna aliinua mkono ukafika kwenye kifungo cha shingoni. Akilini aliwaona wanawake wakivuta ndoo zao mbali naye. Alimwona mwenye hamamu akimwita pembeni. Mkono ukashuka.

"Mikono ya kazi, mwanangu. Miaka mingi."

Touria alitikisa kichwa polepole. "Basi mama amesema kweli. Kwamba ajuaye kitu kilipo ni yule aliyekiweka."

Neno hilo lilimwingia Yamna mpaka kwenye mfupa. Alisimama ili aende, na angekwenda kweli, ila macho yake yalirudi kwenye ule mkono uliovimba mapajani. Akachukua kipande cha chaki ya mshonaji juu ya meza.

"Njoo hapa ukutani."

"Nini?"

"Njoo, nimesema! Kunung'unika utaendelea baadaye."

Labda ni ile sauti ya kazi, sauti inayowaambia wanawake wageuke na wanageuka. Touria alikuja. Yamna alimwekea kiganja cha kushoto ukutani usawa wa kiuno. "Tembeza vidole. Kama buibui. Panda mpaka paume, si mpaka pachome. Paume tu. Haya." Vidole vikapanda, vikatetemeka, vikasimama usawa wa mbavu. Yamna akachora mstari pale. "Asubuhi na jioni, mara kumi. Kila siku upite mstari wa jana, hata kwa unene wa uzi. Na usiku lala na mkono juu ya mto, usiulalie."

Touria aliutazama mstari, kisha akamtazama yeye. "Na haya nayo mikono yako imeyajua?"

Yamna alishuka ngazi bila kuaga.

Jikoni kwake, ukutani nyuma ya kalenda, kulikuwa na mistari ya penseli iliyopanda kutoka usawa wa kiuno hadi juu ya kichwa, mistari sabini na mitatu. Muuguzi mmoja Rabat alikuwa amemfundisha. Mtu akiingia ghafla angedhani ni mistari ya kupimia urefu wa mtoto, ndiyo maana aliitundikia kalenda, mwaka baada ya mwaka, kwa kuwa katika nyumba ile hapakuwahi kuwa na mtoto wa kupimwa na asingejua aseme nini. Siku ile aliiondoa kalenda. Alikaa kitini akaitazama mistari mpaka giza likaingia, akikumbuka jinsi alivyokuwa akipanda peke yake, asubuhi na jioni, bila mtu wa kumwambia haya, panda. Alilia kwa hasira. Si kwa Bouazza. Yamna alikwisha kumlilia Bouazza akamaliza. Alijililia kwamba ameulizwa swali moja na mtu aliyehitaji jibu kuliko chakula, naye akasema mikono ya kazi.

Alhamisi ya tatu ikafika. Hamamu ilisuguliwa, mishumaa ikawashwa kwenye pembe za chumba cha moto, na wanawake wakamwingiza Ibtissam kwa nyimbo na vigelegele vilivyogonga kuba na kurudi maradufu. Kwa amri ya Lalla Zhor, Yamna hakuwa na kazi ya mwili. Alikaa kando ya birika la maji moto, na gauni lake, akijaza ndoo. Msuguaji mwingine alimsugua bibi arusi, kwa pupa, na Yamna akayaona makosa yake yote akameza mate.

Kisha mlango wa mvuke ukafunguka, akaingia Touria.

Alikuwa amevaa gauni. Zito, la pamba, lenye mikono, refu hadi chini ya magoti. Mtu angedhani ameazima la Yamna. Vigelegele vilipungua kidogo, kisha kwa heshima vikarudi. Ibtissam aliruka akamkumbatia, akalowesha gauni lote, na Lalla Zhor akageuza uso. Yamna aliutazama mkono wa kushoto. Ulikuwa umepungua. Alipoipokea ndoo ya kwanza, Touria aliiinua mpaka kifuani, na Yamna moyoni akahesabu kwa mistari ya ukuta wake: ishirini na mitano, labda thelathini.

"Ngoja kwanza," ilisema sauti.

Alikuwa shangazi mkubwa kutoka Fes, Lalla Hniya, mwanamke mnene mwenye kujua kila mwiko na kuupenda. "Ndoo saba zinamwagwa na nguo tangu lini? Vua, binti. Anayemmwagia mtu maji naye kavaa nguo ni mwosha maiti. Unataka kumwozesha mdogo wako au kumzika?"

"Shangazi, niache hivi hivi," alisema Touria.

"Nikuache vipi? Sote hapa tuko uchi, una nini wewe tusichokuwa nacho sisi?"

Mmoja akacheka. Wengine wakaanza: vua, Touria, vua, wanamwimbia kwa makofi, utani mtupu, bila ubaya wowote, na hilo ndilo lilikuwa baya. Touria alisimama na ndoo mkononi. Uso wake ulikuwa umekufa. Ibtissam alisema, "Mwacheni," hakuna aliyemsikia. Kisha Touria aliweka ndoo chini, taratibu, akageuka kuuelekea mlango.

Yamna alisimama.

"Touria," aliita. "Uliniuliza nilijuaje."

Hakufikiri. Angefikiri angekaa. Alishika gauni kwenye upindo, akalivuta juu, likamganda kwa maji na jasho, likamkwama kichwani kama nguo ya mtoto, akahangaika nalo mwenyewe, hakuna aliyekuja kumsaidia. Halafu likatoka. Akalitupa juu ya birika.

Makofi yalikufa moja moja. Maji yalisikika yakidondoka kutoka kubani. Walimtazama: upande mmoja titi la mwanamke mzee, upande mwingine ngozi bapa, na mshono mweupe uliokwenda kupotelea kwapani. Kulikuwa na joto la kuivisha yai na Yamna alihisi baridi.

"Hivi ndivyo nilivyojua," alisema. "Langu hakuna msuguaji aliyelihisi. Nililikuta mwenyewe, nikakaa nalo mwaka mzima kwa aibu. Ndiyo maana nikakwambia kesho." Kisha, kwa sababu lilikuwa limemkaa miaka sita na mlango sasa uko wazi, akaongeza: "Na Safia nililikuta lake, nikanyamaza. Mungu anisamehe, nilinyamaza ili nisivue gauni hili."

Lalla Hniya, shangazi wa Fes, aliivuta ndoo yake karibu na miguu yake, polepole, kama mtu asiyetaka aonekane. Yamna aliona. Wote waliona.

Touria alirudi. Alikuja mpaka mbele ya Yamna, akaupeleka mkono kwenye ule mshono, bila kugusa, akaufuata kwa hewa kutoka mwanzo hadi mwisho. Machozi yalimtoka kama maji ya mfereji. Halafu akashika upindo wa gauni lake mwenyewe, na mkono wa kushoto ukakataa kupanda, na safari hii kulikuwa na mtu wa kusaidia. Yamna akamvua.

"Dada," alisema Ibtissam, aliyeketi sakafuni, "maji yanapoa jamani."

Kicheko kimoja kikatoka mahali fulani, kifupi, kikafa. Touria akainua ndoo ya kwanza. Ibtissam aliinama mpaka paji la uso likakaribia magoti yake, ili dada yake asilazimike kuinua sana. Ya kwanza, ya pili, ya tatu. Ya sita ilimwagika nusu. Ya saba haikupita kiuno. Touria alijaribu, akajaribu tena.

"Lalla Yamna," alisema Ibtissam bila kuinua kichwa. "Shika nawe."

Yamna alimtazama Lalla Zhor. Lalla Zhor alikuwa amekaa kwenye sakafu yenye maji, kiganja kinywani, hakusema ndiyo wala hapana. Yamna akapitisha mikono miwili chini ya ndoo, wakaiinua pamoja, na maji yakamshukia bibi arusi. Vigelegele vilivyofuata vilikuwa vya wanawake wanne au watano.

Mtaa haukumsifu. Watu wanaosema ukweli huleta raha hawajawahi kuusema mahali penye wateja. Jumamosi Yamna alikaa kwenye pembe yake tangu asubuhi, amevaa tena gauni lake, na wanawake walimpita wakienda kwa wasuguaji wale wawili, wakimsalimia sana, salamu ndefu kupita kawaida. Wengine walikuja na ndoo zao kutoka nyumbani. Jumapili hivyo hivyo. Wiki nzima hivyo hivyo.

"Mwenye hamamu aliuliza habari zako," alisema Fettouma mlangoni. "Nikamwambia akuulize mwenyewe. Hakuweza, mwoga yule." Alipanga viatu ambavyo vilikwisha kupangwa. Kisha akasema, bila kumtazama: "Miaka kumi na moja nakutania juu ya gauni. Ungenipiga kibao hata kimoja."

"Ningekupiga ungeniuliza kwa nini."

Fettouma alijifuta pua kwa leso akamtukana, tusi la mapenzi, akampa nusu ya mkate wake.

Siku ya kumi na mbili mke wa mwalimu alijikokota ndani ya mvuke, akakaa jirani na Yamna kana kwamba alichoka tu. Akatazama pembeni. Kisha akaushika mkono wa Yamna, akauingiza chini ya kwapa lake, akauacha hapo. Yamna alipapasa. "Sidhani ni kitu," alinong'ona. "Lakini nenda. Kesho." Mwanamke akaitikia kwa kichwa, akaondoka. Na kuja kusuguliwa hakuja.

Jumanne iliyofuata hamamu ilikuwa tupu. Yamna alikuwa amekaa pale pale, ameegemea ukuta wa moto, anawaza kama shamba la mizeituni la nje ya mji bado linachukua vibarua wa umri wake, Touria alipoingia na ndoo yake na sabuni nyeusi kwenye bakuli.

"Mama anakusalimu," alisema. "Amekaanga vitumbua vya asali, viko kwa Fettouma. Kuja mwenyewe bado anaona haya."

"Mwache. Lala nikusugue."

"Sikuja kusuguliwa. Vua gauni ugeuke."

"Ati?"

"Geuka, nimesema! Kunung'unika utaendelea baadaye."

Yamna alimtazama. Halafu akavua, akageuka, akakaa na mikono magotini kama alivyowaona maelfu wakikaa. Hakujua kwamba mtu aliyekaa hivyo huwa hana kinga kiasi hicho. Alisikia sabuni ikipakwa, kisha glovu.

"Huo ni mkono wa kushoto," alisema. "Tumia wa kulia, utajiumiza."

"Huu ndio wenye kazi."

Vidole vilianza kiunoni. Vikasugua, vikapanda kidogo, vikapumzika, vikapanda tena, kama buibui. Vilifika mbavuni vikatetemeka. Vikapita. Vikafika pale katikati, chini ya mabega, mahali ambapo kitambaa hakikuwahi kufika, na hapo vikasimama.

"Umekuuma?" aliuliza Yamna.

"Hapana. Hapa pana nongo ya kuotesha ngano, Lalla. Nani alikuwa anakusugua?"

Yamna alicheka, na kicheko kikageuka njiani kikawa kilio. Alijimwagia maji usoni ili asionekane, akajimwagia tena, na Touria akamngoja, mkono haukuondoka mgongoni.

"Panda," alisema Yamna alipoweza. "Bado hujafika begani. Panda."